Jinsi ya kulala salama kwenye trela ndogo palipo na dubu

Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu usiku. Amekodi trela ndogo, ile ya umbo la tone la maji yenye kitanda ndani na jiko nyuma, anataka kuwapeleka watoto Yellowstone, hifadhi ya taifa kule Marekani. Swali lake lilikuwa moja: "Dubu anaweza kuuvunja mlango wake?"

Nikamwambia anaweza, na wala si mlango peke yake. Ukuta wa trela hizi ni bati jembamba la alumini, povu la kuzuia baridi katikati, na plaiwudi kwa ndani. Kule Yosemite, hifadhi nyingine ya Marekani, dubu weusi wameshakunja milango ya magari kuanzia juu, kama mtu afunguavyo kopo la dagaa, wakaingia na kutoka na walichokifuata. Gari lina chuma kingi kuliko trela yako.

Akanyamaza. Tukaongea saa nzima, na haya chini ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyoyakumbuka simu ilipokatika.

Hatua ya 1: Soma masharti ya kambi kabla hujalipia

Kambi nyingi za nchi ya dubu hutofautisha kuta ngumu na kuta za turubai. Fishing Bridge, ndani ya Yellowstone, wanapokea kuta ngumu tu. Hema haliruhusiwi, na trela inayoinuka juu kwa turubai inahesabiwa kuwa hema. Lake Louise kule Banff, Kanada, wamegawa kambi mara mbili: wa turubai wanalala ndani ya uzio wa umeme, wa kuta ngumu wanalala nje yake.

Trela ya umbo la tone kwa kawaida inapita kama kuta ngumu. Lakini kama yako ina kihema cha kuchomeka ubavuni, au dari la kitambaa, piga simu uulize. Usisubiri kuulizwa getini saa moja jioni na watoto wamelala kwenye gari.

Hatua ya 2: Jua ni dubu gani wa huko

Yosemite wapo weusi tu. Yellowstone na hifadhi ya Glacier wapo weusi na wale wa kahawia ambao Wamarekani huwaita grizli. Usiangalie rangi, itakudanganya: dubu mweusi anaweza kuwa na manyoya ya kahawia kabisa. Angalia nundu ya misuli mabegani na uso uliobonyea kati ya macho na pua. Vyote viwili ni vya grizli.

Hatua ya 3: Egesha

Mbali na vichaka vya matunda, mbali na pipa la taka, mlango ukitazama gari lako. Basi.

Hatua ya 4: Toa kila chenye harufu kwenye trela, hasa jikoni

Hapa ndipo penye kazi. Kwenye trela kubwa jiko liko kule na kitanda kiko huku. Kwenye hizi zetu, ukifunga mfuniko wa nyuma unaofunika jiko na kwenda kulala, kichwa chako au miguu yako iko upande wa pili wa ubao kutoka kwenye kikaango. Dubu anayekuja kuchukua mabaki jikoni anakuja chumbani kwako.

Mimi nilidhani nalijua hilo. Miaka michache iliyopita tulilala kwenye kambi yenye dubu weusi. Tulishakula, tukaosha vyombo, tukahamishia kila kitu kwenye kabati la chuma la kambi, lile la kuzuia dubu, nikalifunga mwenyewe. Saa nane usiku trela ikaanza kuyumba, taratibu, kama mtu anayejaribu kitanda kabla ya kukinunua. Halafu nikasikia pumzi, nzito, zikivutwa kwenye ule ufa wa mfuniko wa nyuma. Nikabonyeza rimoti ya gari, honi ikalia, akaondoka. Asubuhi palikuwa na alama mbili za matope kwenye mfuniko, na mpira wa kuzuia mvua umeng'olewa kama urefu wa mkono.

Alifuata nini? Tuliporudi nyumbani nilimaliza karibu Jumamosi nzima kutafuta. Nikatoa droo zote, nikanusa moja moja, hakuna kitu. Mwishowe nikafungua skrubu za ubao wa chini, nyuma ya reli ya jiko, na hapo ndipo nilipoliona doa. Mafuta ya kopo la samaki yalikuwa yamepenya kwenye kona na kulowea kwenye plaiwudi, safari ya siku nyingi nyuma. Mimi nilikuwa sisikii harufu yoyote. Pua ya dubu si pua yangu.

Nikasugua kwa maji ya moto na sabuni. Jua lilipopiga trela siku ya pili, harufu ikarudi. Nikapaka uji wa bikabonati ukalala usiku kucha. Nafuu, lakini bado. Nikaishia kukata kipande cha ubao ukubwa wa daftari na kuweka kipya. Kwa hiyo ukitaka kujiepusha na hasira kama yangu, fanya haya kabla ya safari:

- Paka vanishi mbao zote za jikoni, pande zote mbili na kwenye kingo zilizokatwa, na uzibe kona kwa silikoni. Plaiwudi tupu inafyonza mafuta kama mkate.
- Fungua makopo mezani, si jikoni kwenye trela. Siku hizi nina sinia la bati chini ya jiko. Likimwagikiwa nalitoa lote na kuliosha.
- Futa ule mpira wa mfuniko kila jioni. Mifereji yake inashika makombo na mafuta, na ndipo dubu anapoweka pua.
- Kama una sinki, mwaga maji safi kwenye bomba lake la kutolea. Ndani yake kuna supu ya wiki nzima.

Na "chenye harufu" si chakula tu. Dawa ya meno, mafuta ya midomo, losheni ya jua, chakula cha mbwa, makopo matupu ya soda, peremende zilizosahaulika kwenye mfuko wa koti, kiti cha mtoto kilichomwagikiwa maziwa. Shemeji aliniuliza kama dawa ya meno ya watoto yenye ladha ya stroberi imo. Nikamwambia hiyo ndiyo ianze.

Vyote hivyo viende wapi? Kabati la chuma la kambi ndilo chaguo langu la kwanza, la pili na la tatu. Ila pima deli lako la barafu kabla ya kuondoka nyumbani. Makabati ya Yosemite yana upana wa takriban sentimita 114, kina 84 na kimo 46, na nimeona watu wamesimama mbele yake na deli refu la sentimita 50, giza linaingia, wanaligeuza huku na huku. Mimi natumia madeli mawili madogo badala ya moja kubwa.

Pasipo na kabati, uliza. Yellowstone wanakubali chakula kiwekwe ndani ya gari lililofungwa, vioo juu. Yosemite hawakubali kikae kwenye gari baada ya giza kuingia. Yapo pia madeli yaliyoidhinishwa na kamati ya mashirika ya serikali ya Marekani inayoshughulikia grizli. Kwenye majaribio ya mji wa West Yellowstone, deli hutupiwa dubu wa kufugwa likiwa na chakula ndani, na linatakiwa kuhimili dakika 60 za kushughulikiwa nao. Ni mazuri, ila mengi yanahesabika tu yakiwa yamefungwa kwa kufuli. Deli la bei mbaya bila kufuli ni sanduku lenye nyama. Na hata likiwa na kufuli, usilale nalo.

Hatua ya 5: Pika mapema, mbali

Ruka lile jiko la nyuma usiku wa kwenye nchi ya grizli. Najua ndilo lililokufanya uipende trela, na mimi pia. Lakini jiko dogo la gesi juu ya meza ya kambi, hatua kadhaa kutoka kitandani, linafanya kazi ileile na harufu haibaki ukutani. Kula kabla ya giza. Maji ya kuoshea vyombo yapitishe kwenye chujio, makombo yaende kwenye pipa la taka lisilofunguka kwa dubu, maji yamwagwe panaporuhusiwa na kambi, kamwe si chini ya trela. Nguo ulizopikia, usilale nazo.

Hatua ya 6: Kopo la pilipili

Kwenye nchi ya grizli sendi hata chooni bila kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza. Nunua lililoandikwa kuwa ni la dubu. Yale madogo ya kujikinga na wezi hayafai kabisa. Likae kiunoni au kwenye mkanda wa kifuani. Likiwa ndani ya begi ni sawa na kuliacha nyumbani.

Subiri dubu anayekukimbilia afike kama mita tisa, elekeza chini kidogo mbele yake, puliza wingu alipitie. Jizoeze nyumbani kutoa kile kipini cha usalama kwa dole gumba. Kuna makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili.

Mambo manne watu huyakosea. Usiipake kwenye trela au hema kama dawa ya mbu: ikikauka, mabaki yake yanaweza kumvuta dubu. Usiipulize ndani ya trela, maana utajipofusha mwenyewe na waliomo. Usiliache kopo kwenye gari lililo juani, linaweza kupasuka. Na halipandi ndege, si mkononi wala kwenye mzigo, basi linunue ukifika. Angalia na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kopo. Yosemite wamelipiga marufuku, usiende nalo.

Kengele za kufunga begini, naftalini za kabatini, matambara ya amonia, vyote vya kumfukuza dubu: sina muda navyo. Sauti yako mwenyewe inatosha. Ongea ukiwa njiani, piga makofi kwenye kona.

Hatua ya 7: Usiku

Kabla ya kulala: rimoti ya gari, tochi ya kichwani na kopo la pilipili, sehemu moja ileile, ambayo kila mtu mzima humo ndani anaijua. Mfuniko wa nyuma umefungwa kwa ufunguo, na mlango pia, kwa sababu dubu wameshajifunza vitasa vya kushusha.

Ukitaka kwenda haja, washa tochi, mulika kupitia dirishani pande zote, ongea kwa sauti, ndipo ufungue.

Dubu akiisukuma trela, usitoke. Piga honi, piga ukuta, piga kelele. Wengi huondoka. Dubu anayejaribu kuingia ulimolala, awe mweusi au grizli, usijifanye umekufa: pigana naye kwa chochote kilichopo, lenga uso na pua.

Kujifanya umekufa, yaani kulala kifudifudi, miguu umeipanua, vidole umevishikamanisha nyuma ya shingo, ni kwa ajili ya grizli uliyemshtua nje, labda mwenye watoto, naye ameshakugusa. Kwa dubu mweusi akushambuliaye, usilale chini, pigana. Na mchana, Yellowstone wanataka mita 91 kati yako na dubu, hata kama yeye anakula majani na wewe una kamera nzuri.

Hatua ya 8: Asubuhi

Zunguka trela ukitazama alama kabla hujatoa chakula. Ukiona nyayo, au mfuniko umechezewa, kamwambie askari wa hifadhi hapohapo, hata kama hakuna kilichoibwa, na ukiwa na aibu kwamba ulisahau kitu, mtaje na hicho kitu. Ukiondoka kwenye kambi, futa kabati la chuma ndani, lifunge mpaka komeo lilie. Atakayefuata baada yako atalala mita chache kutoka hapo.