Kubadilisha mkanda wa draivu ya flopi ya inchi 3 kwenye kompyuta ya Amstrad CPC 6128

Ukiandika CAT, amri ya kuorodhesha mafaili ya diski, kompyuta ikakujibu "Drive A: disc missing" ilhali diski umeitia mwenyewe, usikimbilie kutupa draivu. Tega sikio kwanza. Mota ikivuma na diski imeganda palepale, basi ni mkanda wa mpira unaoizungusha. Mashine tano nilizofungua hapa Leicester, nne zilikuwa na ugonjwa huo huo.

Vijana wakisikia flopi wanawaza ile ya Sony ya inchi 3.5. Kwenye CPC 6128 ya mwaka 1985 Amstrad walitumia ya inchi 3 kutoka Japani: ganda gumu, KB 180 kila upande, na upande mmoja ukijaa unaigeuza kama kaseti. Mwaka 1987 wakaitia hata kwenye kompyuta yao nyingine, Spectrum +3, soko likiwa limeshamwendea Sony. Mimi bado naipenda.

Haya, kazi. Chomoa nyaya zote mbili za umeme, ya volti 5 na ya volti 12. Pindua mashine, fungua skrubu za chini, inua kifuniko polepole. Utepe wa kibodi ni mwembamba, ukikatika umejitafutia balaa nyingine. Toa draivu, fungua skrubu za bodi yake, uilaze pembeni bila kuvuta waya za kichwa cha kusomea.

Hapo utaona puli ndogo ya mota na gurudumu kubwa, na katikati yake mkanda, au lami iliyokuwa mkanda. Mara ya kwanza niliushika kwa vidole vitupu, kisha nikashika kibodi. Madoa yapo hadi leo. Vaa glavu, sugua kwa vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili mpaka pamba itoke nyeupe, hasa kwenye puli. Ukibakiza utando, mkanda mpya utateleza.

Mkanda uwe bapa. Niliwahi kuweka oringi ya bomba la maji kwa ubahili wangu: diski ilizunguka, lakini kwa kuyumba, na "read fail" hazikuisha.

Ukishauvisha, zungusha gurudumu kwa kidole mara kadhaa ukae sawa. Kasi inayotakiwa ni mizunguko 300 kwa dakika, yaani milisekunde 200 kila mzunguko. Diski unazofomati leo zikisomeka na za zamani zikigoma, shuku kasi kwanza: kuna potensiometa ndogo ya mota, kirekebisha kasi, igeuze kwa unywele tu, upime tena.

Jaribu kwa diski usiyoijali. CAT. Majina ya mafaili yakijipanga, funga skrubu.