Somo: Kuhamia Berlin kwa Shahada ya Uzamili, Hatua kwa Hatua

Ndugu wanachama, somo hili ni la Mtanzania au Mkenya aliyekwisha kumaliza shahada ya kwanza na anayetaka kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha umma mjini Berlin. Nimechagua mji huu kwa sababu vyuo vyake vikubwa vya umma, yaani Humboldt, Freie Universität na Technische Universität, havitozi ada katika programu nyingi za uzamili, hata kwa wageni wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Hali si hiyo kila mahali nchini Ujerumani: jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni hao euro 1,500 kwa kila muhula. Mwanafunzi wa Berlin hulipa tu mchango wa muhula, ambao kwa kawaida hujumuisha tiketi ya usafiri wa umma.

Kwa kuwa ada haipo, wengi hudhani kwamba wakipata barua ya udahili na viza, kazi imekwisha. Mimi naona kinyume chake. Kinachowakwamisha wageni wengi Berlin ni anwani. Asiye na anwani anayoweza kuisajili serikalini hapati namba ya mlipakodi, husumbuka kufungua akaunti ya benki, na barua muhimu hazimfikii. Kwa hiyo hatua zote zilizomo humu, hata zile zinazofanyika Dar es Salaam au Nairobi, zisomwe kwa kuzingatia siku utakayoingia katika chumba chako.

Hatua ya kwanza: majina na vyeti

Kabla ya kutuma maombi popote, weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA au KNEC, cheti cha shahada, hati ya matokeo ya chuo na pasipoti, kisha usome majina herufi kwa herufi. Ikiwa cheti cha kidato cha nne kinasema Ally na pasipoti inasema Ali, au jina la babu lipo hapa na halipo pale, lishughulikie sasa kwa hati ya majina iliyosajiliwa kisheria, kwa sababu afisa wa Ujerumani hatakisia kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja.

Vyuo vingi vya Berlin hupokea maombi ya wageni kupitia uni-assist, shirika linalokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo, ambalo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi linaloongezwa katika muhula huohuo. Zingatia pia kwamba alama za Ujerumani huenda kinyume na zetu: 1.0 ndiyo bora kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Kwa kanuni inayotumika kwa kawaida, mhitimu wa Tanzania mwenye wastani wa 3.8 kati ya 5.0, pale ambapo kiwango cha chini cha kufaulu ni 2.0, huhesabiwa kuwa na 2.2. Muhula wa baridi huanza tarehe 1 Oktoba, lakini mwisho wa kupokea maombi hutofautiana kati ya programu na programu, na baadhi hufunga mapema sana katika mwaka.

Hatua ya pili: fedha

Ubalozi hutaka uthibitisho kwamba utaweza kujikimu kwa mwaka mzima. Njia inayotumiwa na wengi ni akaunti iliyozuiwa, ambayo katika fomu utaikuta kwa jina la Sperrkonto. Kuanzia mwaka 2024 kiwango kimekuwa euro 11,904, yaani euro 992 kwa kila mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, na unatakiwa kuziweka zote kabla ya viza kutolewa. Ukifika, fedha hizo hufunguliwa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, kupitia akaunti ya kawaida ya benki.

Mambo mawili husahaulika hapa. La kwanza ni kwamba benki zinazopitisha fedha njiani hukata makato yao, hivyo kiasi kinachofika huweza kupungua hata kwa euro chache na akaunti ikahesabiwa kuwa haijatimia. Tuma ziada kidogo. La pili ni kwamba malipo ya mwezi wa kwanza huchelewa mpaka ufungue akaunti ya kawaida, kwa hiyo uwe na fedha nyingine za kula, nauli na amana ya chumba kwa wiki za mwanzo. Anayebeba taslimu ya euro 10,000 au zaidi lazima aitangaze forodhani anapoingia Umoja wa Ulaya.

Nisiwafiche: euro 992 ni kiasi cha kubana Berlin. Bima ya afya ya umma kwa mwanafunzi hula karibu euro 150 kila mwezi, na chumba katika nyumba ya kushirikiana mara nyingi hula nusu au zaidi ya kinachobaki.

Hatua ya tatu: viza

Ombi la viza ya taifa kwa ajili ya masomo hugharimu euro 75. Siku hizi nyaraka huwasilishwa kwanza kwa njia ya mtandao kupitia tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, kisha mwombaji hufika mwenyewe ubalozini, ambao kwa Dar es Salaam uko katika jengo la Umoja House, ili kutoa alama za vidole na kuonyesha nyaraka halisi. Usikate tiketi ya ndege isiyorejeshwa fedha kabla ya kuona viza ndani ya pasipoti, hata kama wakala wa safari atakuambia kwamba bei inapanda kesho.

Hatua ya nne: chumba chenye anwani

Hapa ndipo napenda tukae kwa muda. Mara tu upatapo barua ya udahili, omba chumba katika mabweni ya studierendenWERK BERLIN, kwa sababu kodi yake ni nafuu kuliko ya sokoni, lakini orodha ya kusubiri ni ndefu na haifai kuwa tegemeo lako pekee. Wakati huohuo tafuta chumba katika nyumba ya kushirikiana, ambayo vijana wa huko huiita WG, kupitia tovuti kama WG-Gesucht. Wapangaji waliomo ndio humchagua mwenzao mpya, hivyo ujumbe wako ueleze kwa ufupi wewe ni nani, unasoma nini, unalipaje, na unaishi vipi na watu. Ujumbe wa mstari mmoja unaouliza kama chumba bado kipo hausomwi.

Katika tangazo utakutana na bei mbili. Kaltmiete ni kodi ya chumba chenyewe. Warmmiete hujumlisha gharama za jengo na kwa kawaida joto la nyumba. Amana haitakiwi kisheria kuzidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu za mwezi kwa mwezi. Aliyezoea kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo Dar es Salaam huona jambo hili ni neema, lakini ni mazoea hayohayo ya kulipa mapema yanayomfanya awe windo jepesi la matapeli. Mwenye nyumba anayedai kwamba yuko ng’ambo na atakutumia ufunguo kwa posta baada ya kulipa amana, hana nyumba. Ukiwa bado Afrika Mashariki, mtafute mtu unayemfahamu aende akaione, au upange mahali pa muda kwa mwezi wa kwanza na utafute chumba cha kudumu ukiwa tayari mjini.

Swali la kumwuliza kila mwenye chumba, kabla hata ya bei, ni hili: je, naweza kujisajili katika anwani hii? Tangazo likiwa na maneno ohne Anmeldung, maana yake ni kwamba hutaruhusiwa kusajili makazi hapo, na unafuu wa kodi hauwezi kufidia usumbufu utakaofuata. Mwenye nyumba, au mpangaji mkuu anayekupangisha, anapaswa kukupa hati iitwayo Wohnungsgeberbestätigung inayothibitisha kwamba umehamia. Mkataba wa kodi hautoshi badala ya hati hiyo.

Kuhusu mtaa, usichague kwa majina yaliyovuma tu. Wedding na Neukölln zina wageni wengi, na Wedding kuna eneo liitwalo Mtaa wa Kiafrika, lenye barabara za majina kama Usambarastraße na Sansibarstraße, yaliyoachwa na enzi za ukoloni. Sehemu ya barabara iliyopewa jina mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani aliyejulikana kwetu kama mkono wa damu, tangu mwaka 2024 inaitwa Maji-Maji-Allee. Kwa Mtanzania ni anwani yenye uzito wake, ingawa haikupunguzii kodi.

Hatua ya tano: wiki mbili za mwanzo

Sheria inataka usajili wa makazi, yaani Anmeldung, ufanyike ndani ya siku 14 tangu kuhamia. Hufanyika katika ofisi ya wananchi iitwayo Bürgeramt, nawe unaweza kwenda katika ofisi yoyote ya Berlin, si lazima ya mtaa wako. Miadi hupatikana mtandaoni na huisha haraka. Fungua ukurasa wake asubuhi na mapema, urudie kuutazama mchana, na usikatae ofisi iliyo mbali. Chukua pasipoti, fomu iliyojazwa na hati ya mwenye nyumba.

Siku hiyohiyo, bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele ya mlangoni. Hapa hakuna sanduku la posta la ofisini wala mlinzi wa geti atakayekupokelea. Tarishi hutafuta jina la ukoo, asipoliona hurudi na barua. Namba ya mlipakodi, kadi ya benki na kadi ya bima zote huja kwa njia hiyo. Itakuja pia barua ya mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Si utapeli na haijalishi kama huna televisheni, ila hulipwa kwa nyumba nzima, si kwa kila mtu, hivyo waulize wenzako kama kuna anayelipa tayari na umpe sehemu yako.

Hatua ya sita: kibali cha ukaaji

Viza ya kuingilia huisha baada ya miezi michache. Ombi la kibali hupelekwa mtandaoni kwa ofisi ya uhamiaji ya Berlin, kabla ya viza kuisha, nawe uhifadhi uthibitisho wa kulipokea. Ukiomba kwa wakati, unaendelea kuwapo kihalali hadi uamuzi utolewe, lakini usisafiri nje ya nchi katika kipindi hicho bila kuiuliza kwanza ofisi hiyo. Kibali cha masomo hukuruhusu kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu anaishi Hamburg na yuko tayari kunigharimia. Je, bado nahitaji akaunti iliyozuiwa?

Jibu: Marahaba. Si lazima. Mjomba anaweza kutia saini ahadi rasmi ya kukugharimia, iitwayo Verpflichtungserklärung, katika ofisi ya wageni ya mahali anapoishi, baada ya kuthibitisha kipato chake. Barua ya kawaida aliyoiandika mwenyewe nyumbani haitakubaliwa. Mweleze pia kwamba kwa saini hiyo serikali inaweza kumdai gharama zako, ili akubali akijua uzito wake.

Mwanachama wa Nairobi: Nina umri wa miaka 33. Nimesikia kwamba bima ya wanafunzi ina kikomo cha umri.

Jibu: Ndiyo, kiwango nafuu cha bima ya umma huishia miaka 30. Wengi wa umri wako hununua bima binafsi. Usichukue ya bei ya chini kabisa kwa pupa. Soma kwanza kama inafunika magonjwa uliyokuwa nayo tangu awali, na kama chuo na ofisi ya uhamiaji zitaikubali, kwa maana bima ya safari haitoshi kwa kibali.

Mwanachama wa Moshi: Mimi ni Mlutheri wa KKKT. Naambiwa fomu ya usajili huuliza dini, na ukitaja kanisa unakatwa kodi. Je, niandike kwamba sina dini?

Jibu: Fomu huuliza, na makato yapo: kwa Berlin ni asilimia 9 ya kodi ya mapato. Tafadhali soma vizuri, ni asilimia 9 ya kodi, si ya mshahara. Mwanafunzi mwenye kazi ndogo asiyefikia kiwango cha kutozwa kodi ya mapato hakatwi chochote. Kwa hiyo sioni sababu ya kudanganya katika fomu ya serikali kwa ajili ya makato ambayo kwa sasa ni sifuri. Utakapopata ajira kamili utalitafakari upya ukiwa na hesabu mkononi.

Mwanachama wa Unguja: Dada yangu amenyimwa viza mwezi uliopita. Zamani tulisikia mtu anaweza kuandika barua ya kupinga. Bado inawezekana?

Jibu: Poleni. Njia hiyo ya kupinga kwa barua ubalozini ilifutwa kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Zimebaki mbili: kufungua shauri katika mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya muda uliotajwa katika barua ya kunyimwa, au kuomba viza upya. Mara nyingi kuomba upya ni haraka zaidi, mradi sababu iliyotajwa itibiwe kweli. Ikiwa walitilia shaka lengo la masomo, aandike barua mpya inayoeleza kwa nini programu hiyo inafuata shahada yake ya kwanza na atafanya nayo nini, badala ya kurudisha ileile ya mwanzo.

Mwanachama wa Mbeya: Je, baada ya kuhitimu nalazimika kurudi mara moja?

Jibu: Hapana. Mhitimu wa chuo cha Ujerumani anaweza kuomba kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na katika kipindi hicho anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ili ajikimu. Aombe kabla kibali cha masomo hakijaisha, na ahakikishe kwamba bima yake ya afya haikatiki siku anapofutwa katika orodha ya wanafunzi.