Jinsi ya kumwonjesha mtu hevi metali kwa sabufa ya sebuleni

Wengi hapa Mwanza wanaosema metali, yaani roki nzito ya magitaa, ni kelele tupu hawajawahi kuisikia. Walichosikia ni mvumo wa sabufa iliyofunguliwa besi hadi mwisho, na wimbo wenyewe umechaguliwa na shabiki aliyetaka kuwatisha. Mwongozo huu ni wa shabiki mwenye rafiki, ndugu au mchumba aliye tayari kukaa naye nusu saa. Nusu saa inatosha. Ikizidi hapo, masikio mageni yanachoka na kila wimbo unasikika kama uliopita.

Hatua ya 1: Muulize anasikiliza nini

Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya Februari 1970, ndiyo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa muziki huu, lakini historia haimpendezi mtu ambaye bado hajapenda wimbo hata mmoja. Mwombe akuonyeshe nyimbo anazozirudia kwenye simu yake.

Hatua ya 2: Chagua wimbo mmoja unaopakana na anachopenda

Mpenzi wa sebene ndiye rahisi kuliko wote. Mtu aliyezoea kufuatilia gitaa la solo la Kikongo tayari ana masikio yanayohitajika. Mpe "The Trooper" wa Iron Maiden (1983), ambapo magitaa mawili yanacheza melodi moja, moja juu kidogo ya jingine, huku besi ya Steve Harris ikikimbia chini yake.

Mpenzi wa ngoma, yule anayekwenda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, kuyatazama makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yakishindana, mpe "Ratamahatta" ya Sepultura. Hao ni Wabrazili wa Belo Horizonte. Kwenye albamu yao ya 1996 walimwita mpiga ngoma Carlinhos Brown, na wakarekodi pia pamoja na Waxavante, wenyeji asilia wa Brazil. Nyuzi za gitaa zimelegezwa sana ili zilie chini, na ngoma ndizo zinazoongoza.

Mtu wa hip hop, na mji uliomtoa Fid Q unao wengi, aanze na "Bring the Noise" waliyoirudia bendi ya Anthrax pamoja na kundi la rap la Public Enemy mwaka 1991. Mtu wa kwaya apewe "Nothing Else Matters" ya Metallica, toleo la 1999 walilopiga na okestra ya San Francisco. Mtu wa singeli hababaiki na kasi, kwa hiyo mpe "Ace of Spades" ya Motörhead (1980), haifiki hata dakika tatu. Akikolea, siku nyingine msikilizishe kundi la Duma la Nairobi: albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ileile iliyoipeleka singeli ya studio ya Sisso nje ya nchi. Duma ni wazito mno kwa siku ya kwanza.

Anayesikiliza kila kitu bila upendeleo, mpe "Stone Cold Crazy" ya Queen (1974). Mwimbaji, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Zanzibar, na baadaye Metallica waliurudia wimbo huo.

Hatua ya 3: Tengeneza sauti

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Sabufa zetu zinauzwa kwa ajili ya Bongo Fleva na amapiano, muziki ambao besi yake ina nafasi ya kupumua. Metali haina nafasi hiyo. Uzi mnene wa gitaa kwa kawaida unalia kwenye hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani, alikuja kulegeza nyuzi ili zisimuumize, na kwenye albamu ya 1971 uzi huo ulishuka hadi karibu hezi 69. Bendi nyingi zilimfuata. Kwenye sauti hizo za chini ndipo sabufa inapopandisha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo gitaa, besi na ngoma ya mguu vyote vinarundikana sehemu moja, na mgeni anasikia mvumo tu.

Ngoma ya mguu ina tatizo lake. Kwenye nyimbo za kasi mpigaji anatumia miguu miwili, na mapigo yanaweza kufika 13 kwa sekunde. Kila pigo lina chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Sabufa yenye tundu kubwa haijamaliza kuvuma pigo la kwanza, la pili limeshafika.

Fanya hivi. Rudisha kitufe cha besi chini ya nusu, kwenye robo hivi. Tribo, kitufe cha sauti nyembamba, iwe juu kidogo ya nusu. Zima kila kitu kinachojiita bass boost, kwenye simu na kwenye sabufa pia, maana watu wanazima kimoja wanasahau kingine. Kama simu ina ikwalaiza, shusha mstari wa hezi 60 kwa desibeli 3 au 4, na upandishe wa hezi 2,000 hadi 4,000 kwa desibeli 2. Usizidishe hapo juu, sauti itakuwa ya kukwaruza masikio. Itoe sabufa kwenye kona ya ukuta. Kona inaongeza besi hata ukiwa umeshaipunguza.

Halafu kagua spika mbili ndogo. Bendi nyingi zinarekodi gitaa moja kushoto na jingine kulia. Ukikuta spika moja iko sebuleni na nyingine imepelekwa barazani, mgeni wako anasikia nusu ya bendi. Zirudishe pamoja, mita mbili hivi kati yake, naye akae katikati. Angalia na nyaya: nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kwa spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, sauti za katikati zinafutana. Mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili na ngoma inakosa nguvu. Ukisogeza kichwa na sauti ya mwimbaji ikawa inahama hovyo, waya umegeuka.

Earphone zinafaa kuliko sabufa mbovu, mradi pande zote mbili ziwe hai. Upande mmoja ukiwa umekufa, washa sauti ya mono kwenye mipangilio ya simu ili magitaa yote mawili yaingie sikio moja. Spika ndogo ya bluetooth naikubali kwa shida, na ndani ya chumba tu. Ukiipeleka kwenye mawe ya Capri Point jioni, upepo wa ziwa utakula kila kitu isipokuwa matoazi.

Faili nalo lina lawama. Wimbo uliorekodiwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp haufai kabisa, kwa sababu ule mfumo umetengenezwa kwa ajili ya maongezi na unayakata matoazi. Tafuta faili la kilobiti 320 kwa sekunde.

Hatua ya 4: Cheza, nyamaza

Mpe kitu kimoja cha kufuatilia, kwa mfano besi au ngoma ya mguu. Usimtafsirie mashairi wimbo ukiwa unaendelea. Uishe wote.

Hatua ya 5: Zamu yake

Sasa yeye akuchezee wimbo wake, nawe usikilize hadi mwisho bila kushika simu. Kisha mwambie jambo moja ulilolisikia humo: jinsi gitaa lilivyoingia, au kiitikio kilivyojibu. Endeleeni kwa zamu, mmoja mmoja. Zamu hizi zinakupa wimbo wako unaofuata, kwa sababu kila anachokuchezea kinakuonyesha masikio yake yako wapi.

Hatua ya 6: Swali la shetani

Litakuja, hasa kama mzazi anapita sebuleni. Lijibu kwa ukweli. Zipo bendi zinazomtukuza shetani kwa dhati, na mtu wa dini ana haki ya kuzikataa. Nyingi zinatumia picha za kutisha kama hadithi tu. "The Number of the Beast" ya Iron Maiden (1982) inaanza kwa kusomwa maneno ya Ufunuo, na "After Forever" ya Black Sabbath (1971) inamtetea Mungu waziwazi. Ficha majalada ya albamu siku ya kwanza, lakini usifiche jibu.

Hatua ya 7: Kunguruma

Sauti za waimbaji wanaonguruma badala ya kuimba zisubiri mpaka yeye mwenyewe aulize. Akiuliza, mwambie azisikilize kama ngoma nyingine, asitafute maneno. Bendi ya Overthrust ya Botswana ni pazuri pa kuanzia.

Hatua ya 8: Mwachie flashi

Weka nyimbo tano, usizidishe. Kwa kilobiti 320 kila dakika ni megabaiti 2.4, kwa hiyo hata "Master of Puppets" ya Metallica yenye zaidi ya dakika nane ni kama megabaiti 20, na hatahitaji bando kuirudia. Usichanganye mafaili hayo na mengine kwenye folda moja, maana redio nyingi za sabufa zinacheza kwa mpangilio wa kunakiliwa. Nakili wimbo aliouomba urudiwe kwanza, ndipo uweke mingine minne.