SOMO: Kuchagua vifaa vya kompyuta ndogo ya sebuleni, ya filamu na gemu

Wakuu, kila wiki naulizwa "ninunue prosesa gani ya kompyuta ya chini ya TV?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namleta hapa. Bei sitaji, ya Kariakoo leo si ya kesho.

Tunachotaka ni boksi dogo, kimya, linalocheza video za 4K na gemu za 1080p bila kukwama. Unayetaka gemu zote kwa 4K, hilo ni somo jingine na mfuko mwingine.

1. Chukua futi, pima kabati la TV.

2. Tafuta kesi, yaani boksi la kuwekea vifaa, kabla ya kitu kingine chochote. Andika mambo matatu: kimo cha feni ya prosesa inachoruhusu, urefu wa kadi ya picha, na aina ya pawasaplai.

3. Mazabodi, ule ubao unaobeba vifaa vyote, ni Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17. Kwa kawaida ina nafasi mbili za RAM na moja ya kadi, basi. Soma tundu lake la HDMI ni toleo gani: 2.0 inaishia 4K kwa 60Hz, 2.1 inafika 120Hz.

4. Prosesa: Ryzen 5 8600G. Ina picha zake ndani, Radeon 760M, kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi. Mfuko ukibana chukua 5600G, ila hiyo video za AV1 (namna mpya ya kubana video) inazifungua kwa nguvu ya prosesa yenyewe, haina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Pia inatumia RAM ya DDR4 na mazabodi ya AM4, usichanganye na vya 8600G.

5. RAM vipande viwili, usiweke kimoja. Picha za ndani zinakopa RAM hiyo hiyo, na kipande kimoja ni sawa na kufunga nusu ya barabara. 8GB mara mbili ndiyo chini kabisa.

6. Feni ya prosesa. Hapa ndipo nilipoliwa hela. Kesi yangu ilikuwa inaruhusu milimita 60. Mimi nikanunua feni ya milimita 65, kwa sababu muuzaji alisema "hiyo ndogo kabisa, inaingia popote", nami futi nikaiacha nyumbani. Mfuniko ulifunga kwa kusukumwa na goti. Feni ikawa inagusa wavu inapozunguka, sauti kama mashine ya kusaga nazi, kisha ikakwama kabisa. Nilipofungua gemu joto likafika nyuzi 95, prosesa ikajipunguza kasi, na mpira ukawa unatembea kama umefungwa jiwe. Ule mfuniko hadi leo umebinuka.

Kwa hiyo: linganisha namba ya kesi na namba ya feni, zote kwa milimita, na uache nafasi ya hewa juu yake. Kisha angalia RAM. Zile zenye mapambo ya taa ni ndefu, na feni fupi nyingi hutandaza mabawa juu ya RAM, zinagombana. Chukua RAM fupi isiyo na urembo, nani ataiona ndani ya kabati? Na kabati lenyewe lisiwe limezibwa nyuma. Dar hii chumba chenyewe kishapata joto kabla hujawasha kitu.

7. Pawasaplai: kesi nyingi za namna hii zinataka SFX, yenye umbo dogo, ile ya kawaida ya ATX haiingii. Bila kadi, wati 450 zinatosha na kubaki. Ukiokota ya mtumba yenye kiswichi chekundu nyuma, hakikisha kipo 230 na si 115 kabla ya kuchomeka. Mlio wake hutausahau.

8. SSD ya NVMe, TB 1.

MASWALI

Mdau, Mwanza: Nimeweka kadi mpya lakini gemu bado zinaburuta. Tatizo ni prosesa?

*Waya wa HDMI umechomeka wapi?*

Mdau, Mwanza: Pale pale pa zamani.

*Hapo ni kwenye mazabodi. Hamishia kwenye kadi.*

Mdau, Arusha: Mkuu, nina Optiplex ya mtumba, kompyuta ya ofisi ya Dell, ile nyembamba. Naweza kuweka kadi, au ninunue upya kila kitu?

*Swali zuri. Usitupe. Pawasaplai yake ni ya umbo la kampuni yenyewe na haina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo kadi itakula umeme wa nafasi yake tu, wati 75 mwisho. Tafuta isiyo na tundu la umeme na yenye kimo kifupi. RTX 3050 ya 6GB ipo ya namna hiyo, inakula wati 70. Kabla ya kulipa fungua mashine uone unene: baadhi ya modeli nafasi ya kadi imebanana na pawasaplai, kadi nene haikai. Ukikwama nitumie picha ya ndani.*

Mdau, Tanga: Jumla shilingi ngapi?

*Mstari wa pili wa somo.*

Mdau, Nairobi: Kingo za skrini yangu zinakatwa, saa na kitufe cha kuanzia havionekani vizuri.

*Hiyo ni TV, si kompyuta. Kwenye mipangilio ya picha zima ile ya kukuza, kila kampuni inaiita jina lake. Ukiwa humo humo, washa hali ya gemu, utaona padi inaitika haraka zaidi.*

Mdau, Dodoma: Rimoti ya TV inaweza kuwasha kompyuta?

*Kompyuta nyingi hazina hiyo lugha ya HDMI. Pulse-Eight wanatengeneza kifaa cha USB cha kazi hiyo. Mimi nabonyeza kitufe kwa kidole cha mguu.*

Mdau, Tanga: Padi yangu ya Bluetooth inakatika nikirudi kwenye kochi. Mazabodi mbovu?

*Umefunga zile antena mbili za Wi-Fi nyuma? Bluetooth inatumia hizo hizo.*

Mdau, Tanga: Zipo kwenye boksi bado.