Kilimanjaro kwa mara ya kwanza: panga siku kabla ya kununua viatu

Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza huwaza kwanza miguu na nguvu, ilhali kinachowakwamisha wengi ni mwinuko wenyewe. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huingiza takriban nusu tu ya oksijeni unayoivuta ukiwa Dar es Salaam. Mwili huizoea hali hiyo polepole, na hakuna mazoezi yanayoweza kuziba nafasi ya siku.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, amua siku. Njia ya Marangu, ambayo wapandaji hulala katika vibanda, hupandwa kwa siku tano au sita. Nakusihi uchague sita. Siku ya ziada hutumika Horombo, kambi ya vibanda iliyo kwenye mita 3,720 hivi: asubuhi mnapanda juu zaidi kuelekea Mawenzi, kilele kingine cha mlima huo, kisha mnarudi kulala palepale, na kesho yake kichwa huwa chepesi zaidi.

Miezi miwili au mitatu kabla ya safari, tembea kwa saa nyingi milimani, iwe Uluguru au Usambara, ukiwa na begi mgongoni na viatu vilevile utakavyopandia. Kata kucha za miguu siku moja kabla ya kuanza, kwa maana wakati wa kuteremka vidole husukumwa mbele ya kiatu kwa saa kadhaa.

Usiku wa kwenda kileleni safari huanza karibu saa sita, na baridi hushuka chini ya sifuri. Vaa nguo za sufu au za sintetiki, kwani pamba ikilowa jasho haikauki. Chupa ya maji ibebe kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu, na mdomo wake hautazibwa na barafu. Betri za tochi lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia.

Maumivu ya kichwa na kichefuchefu mwambie mwongozaji mara moja, usiyafiche kwa kuogopa kurudishwa. Anayepepesuka kama mlevi, anayechanganyikiwa, au anayehema hata akiwa amekaa, ateremshwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, bila kungoja kupambazuke. Kuhusu asetazolamaidi, dawa ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, muulize daktari ukiwa bado nyumbani.