Namna ya Kuzidumisha Tabia za Siku za Korona kwa Kuzifunga kwenye Adhana

Mwezi Machi 2020, siku chache baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 Zanzibar, hoteli niliyokuwa nikifanya kazi katika pwani ya mashariki ya Unguja ilisimamisha shughuli zake, nami nikarudi mtaa wa Jang'ombe, mjini Unguja, kwa mama yangu pamoja na wanangu wawili. Skuli zilikuwa zimefungwa, chuo cha Kurani cha mtaani kwetu kilikuwa kimefungwa, mwezi Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa, na Ramadhani ya mwaka 1441 ikatukuta katika hali hiyo. Hatukuwekewa amri ya kila mtu kubaki ndani kama nchi nyengine zilivyofanya, lakini nyumba iliyokuwa ikila kwa kazi za utalii haikuhitaji amri, kwa sababu hapakuwa na pa kwenda wala nauli ya kwendea.

Katika miezi hiyo nilianza mambo mengi mema. Nilipanda mchicha uwani, niliandika matumizi kwenye daftari, niliwasomea watoto kila usiku, nilitembea asubuhi kabla jua halijakuwa kali, nilimpigia simu mama mkubwa aliyeko Wete, Pemba, na nilinawa mikono kwa sabuni kila nilipoingia ndani. Mapema Juni wageni wakaruhusiwa kurudi, mwisho wa mwezi huo skuli zote zikafunguliwa, na mimi nikaitwa kazini. Ilipofika Septemba, ndoo za mchicha zilikuwa zimekauka, daftari limeishia Julai, na watoto wameacha kuniuliza kama leo tutasoma. Zilibaki tabia mbili tu, ya kunawa mikono na ya simu ya Wete.

Nilijiuliza sana kwa nini hizo mbili ndizo zilizobaki, na jibu nililolipata ndilo linalonifanya niandike mwongozo huu. Sabuni yetu ilikaa pale pale kwenye bomba tunalotilia udhu, na mama mkubwa nilikuwa nikimpigia baada ya sala ya alasiri, wakati ambao yeye hubaki juu ya msala na simu iko karibu yake. Tabia nyengine zote nilizifanya kwa sababu nilikuwa na nafasi, na nafasi ilipoondoka ziliondoka nayo. Tangu hapo nimezirudisha moja baada ya moja kwa njia ambayo naamini mtu yeyote wa visiwani anaweza kuifuata, yaani kuifunga kila tabia kwenye adhana maalumu.

Chagua adhana, usichague saa

Watu wengi wanapotaka kuanza jambo hujiwekea saa, wakasema nitafanya saa mbili usiku. Kwa mtu anayefanya kazi kwa zamu, anayengoja gari ya abiria mpaka ijae, au mwenye mtoto mchanga, saa mbili usiku haimkuti mahali pamoja siku mbili mfululizo. Adhana inakufuata ulipo, na huhitaji kutazama ukutani ili uijue. Tena kwa kuwa tuko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, jua la kwetu halichezi sana: tofauti kati ya magharibi inayoingia mapema kabisa na inayochelewa kabisa katika mwaka mzima ni kama nusu saa, kwa hiyo jambo ulilolifunga kwenye magharibi ya Januari halitakuharibikia Juni. Jirani zetu Wakristo nao wanaisikia adhana na wanaweza kuitumia kama alama ya wakati, na katika zile siku ambazo mwanamke hasali, adhana bado inamfikia na tabia yake haina sababu ya kukatika.

Anza na jambo moja kwa adhana moja, na ulikalie kwa mwezi mzima kabla ya kuongeza la pili. Mimi nilipojaribu kuzirudisha zote kwa pamoja, Oktoba 2020, sikumaliza hata wiki mbili. Jambo lenyewe liwe dogo kiasi cha kumalizika hata siku uliyochoka, na vifaa vyake viwe tayari mahali unapoipokea adhana hiyo: daftari lenye kalamu ndani yake, kikapu mlangoni, sabuni bombani. Ukiwa huna budi kwenda chumba chengine kutafuta kalamu, siku ya tatu hutakwenda.

Sabuni na udhu

Hili ni jepesi lakini lina kosa moja ambalo nimelisikia mara nyingi, nalo ni kudhani kuwa anayetia udhu mara tano kwa siku hana haja ya sabuni. Udhu ni ibada na una hukumu zake, ilhali kirusi cha korona kimefunikwa na utando wa mafuta ambao maji matupu hayauyeyushi na sabuni ndiyo inayouvunja. Basi nawa kwanza kwa sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha, suuza, kisha utie udhu wako. Sabuni yoyote inafaa. Sisi tunatumia ya mwani inayotengenezwa na kina mama wa pwani, kwa sababu tunaipenda na fedha yake inabaki kisiwani.

Tabia hii isingoje maradhi ndipo ifanywe. Mwanzoni mwa 2021 watu wengi tulikuwa tumeshaacha kila tahadhari, na ndipo Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akaugua. Chama chake kilitangaza kuwa ameambukizwa korona, na tarehe 17 Februari akafariki dunia. Mtaani kwetu, siku ile, ndoo za kunawia zilirudishwa milangoni. Ya kwangu haikuwa imeondolewa, na nilishukuru kwa hilo kwa ajili ya mama.

Kuwalinda wazee bila ya kuwavunjia heshima

Katika yote niliyojifunza, hili ndilo gumu zaidi, na ndilo ninalolithamini kuliko mengine. Kwetu mtu hapiti mlangoni kwa mzee wake bila ya kuingia, na akiingia hushika mkono na kuubusu. Aliyekuwa na mafua alikuwa akienda vivyo hivyo, tena akihurumiwa na kupikiwa supu. Baada ya korona nimejiwekea kanuni ya kutokwenda kwa mzee yeyote nikiwa na homa, kikohozi au mafua, na nimegundua kuwa ugumu hauko katika kubaki nyumbani, uko katika namna ya kusema. Ukikaa kimya, mzee atadhani umemsusa. Ukimtumia ujumbe wa maneno matatu, ataona umemdharau.

Kwa hiyo piga simu, usiandike, na upige mapema, kabla hajaanza kukutazamia. Anza na maamkizi kamili, kisha litaje jambo kwa upande wa maradhi yako, usilitaje kwa upande wa udhaifu wake. Mimi humwambia mama mkubwa, ninapokuwa Pemba, maneno kama haya: "Shikamoo mama mkubwa. Nimeshafika, lakini nimeshuka na mafua, na sipendi niyalete nyumbani kwako. Niombee dua, na nikipoa siku mbili tatu nitakuja tukae." Yeye huitika marahaba na kuniuliza nimekula nini. Mara ya kwanza alisikitika, akasema yeye haogopi mafua ya mtoto wake. Nilimjibu kuwa ninayeogopa ni mimi, na hapo akakubali. Halafu peleka kitu: mtume kijana na chungu cha uji au fungu la machungwa, ili mlango wake usipite siku nzima bila ya kitu kutoka kwako.

Kuhusu mkono, nimezoea kuweka kiganja kifuani na kuinama kidogo ninapokuwa sina uhakika na afya yangu. Wazee wengi walikizoea kitendo hiki mwaka 2020 na wanakielewa bila ya maelezo.

Simu ya kawaida, ya kujuliana hali, mimi huipiga kila siku baada ya alasiri, na haizidi dakika tano. Muulize mzee jambo moja mahsusi: dawa ya presha imebaki ya siku ngapi, nani kampelekea maji, mguu umeamkaje. Ukimuuliza "hujambo" peke yake atakujibu "sijambo" hata kama hajala tangu jana.

Mchicha wa maji ya udhu

Korona ilitukuta katika masika, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tulipanda, kwani mvua ilikuwa ikitumwagilia yenyewe. Ilipokatika Juni, pamoja na kazi kurudi, bustani zilikufa. Tatizo la bustani ya uwani ni maji ya kila siku, nami nimeliondoa kwa kuweka karai chini ya bomba wakati wa kutia udhu wa alfajiri na wa alasiri. Watu watatu wakitia udhu juu ya karai moja hupatikana maji ya kutosha ndoo nne za mchicha. Ile suuzo ya sabuni imwage kando, usiichanganye.

Chukua ndoo iliyopasuka au gunia, toboa matundu chini, ujaze udongo sehemu mbili kwa sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza na kukauka. Samadi mbichi itaunguza miche. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga, ili zisiangukie mahali pamoja, kisha zifunike kwa udongo mwembamba na uweke kuti juu mpaka ziote. Miche ikisongamana, ing'oe baadhi ukaipike ikiwa michanga. Baada ya wiki tatu hadi nne kata mashina ukiacha urefu wa vidole vinne, nayo yatachipua tena. Anayeishi karibu na ufuo aonje kwanza maji ya kisima chake, maana mchicha hauyapendi maji ya chumvi. Tungule (nyanya) na mabilingani usianze nayo. Yanataka nafasi, miti ya kuegemea na subira ya miezi, na mtu anayeanza hukata tamaa kabla hajaonja tunda.

Daftari baada ya isha

Miezi mitatu bila ya mshahara ilinionyesha kuwa sikuwa nikijua nyumba yangu inakula kiasi gani. Nilipoanza kuandika niliona kuwa mchele, mafuta, mkaa na umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla) havikuwa ndivyo vilivyokuwa vikinimaliza. Ni bando la simu na vitafunio vya barabarani, vitu ambavyo nilikuwa nikivilipia bila ya kuvihesabu.

Andika baada ya isha, siku hiyo hiyo, kwa safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Usijilaumu ndani ya daftari na usiandike mipango humo. Baada ya miezi miwili utaijua gharama halisi ya mwezi mmoja wa nyumba yako, na hapo ndipo faida inapoanza. Sisi wa utalii tuna misimu yetu: wageni hujaa kuanzia Julai, hurudi tena Disemba, na hupungua masika ya Aprili na Mei, na hoteli nyengine hufunga kabisa miezi hiyo. Kwa maneno mengine, kila mwaka tuna kifungo kidogo ambacho tunakijua tarehe zake. Mimi hugawa gharama za miezi miwili kwa miezi minane ya wageni, nikaweka kila mwezi sehemu yake. Anayecheza upatu amuombe kijumbe, yule anayeusimamia, mapema zamu yake iangukie Aprili. Wengi hugombania Disemba kwa ajili ya sherehe, na Aprili hupatikana bila ya mzozo.

Baina ya magharibi na isha

Muda huu ni mfupi, unazidi saa moja kidogo tu, na kwa hiyo unafaa kwa watoto. Kwetu simu zote, pamoja na yangu, huwekwa ndani ya kikapu cha ukindu magharibi inapoadhiniwa na hutolewa baada ya isha. Tunasoma kurasa mbili au tatu kwa sauti, kwa kupokezana, siku ambazo watoto hawako chuoni. Mama yangu, ambaye hakusoma skuli, husikiliza na kurekebisha Kiswahili chetu, na wanangu wamejifunza kwake maneno mengi kuliko waliyoyapata vitabuni.

Kikapu hicho kilinisaidia jambo jengine. Mwaka 2020 jumbe za sauti zenye uvumi zilipita kutoka kundi moja la simu hadi jengine usiku kucha, kila moja na dawa yake ya kujifukiza au kunywa. Ujumbe uliongoja saa moja ndani ya kikapu hupoteza haraka yake, na ukiutoa unaweza kujiuliza nani kausema, lini, na kama Wizara ya Afya imesema hivyo. Jumbe nyingi sikuzipeleka popote baada ya kuuliza hivyo.

Ukikatika

Utakatika. Safari ya Pemba, msiba, Ramadhani ambayo hupindua ratiba ya nyumba nzima, au mtoto kulazwa, vyote vitakukatisha. Kosa nililokuwa nikilifanya ni kutaka kulipa siku zilizopita: nilikuwa nikikaa na risiti za wiki mbili nikijaribu kukumbuka kila shilingi, nikachoka, nikaliweka daftari kabatini kwa miezi. Sasa naziacha siku hizo wazi. Ramadhani iliyopita niliacha kurasa kumi na moja tupu, na usiku wa pili wa Idi, isha ilipomalizika, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe, na chini yake mchele kilo mbili.