Somo: Kompyuta moja, watumiaji kadhaa, kila mtu na ikoni zake

Stesheneri nyingi huku Ngamiani, Tanga, zina kompyuta moja inayoshikwa na watu watatu au wanne. Mchana vijana wa zamu wanachapa barua na kuwajazia wateja fomu; jioni mwenye duka anakaa na hesabu zake. Malalamiko ni yale yale: mmoja kafuta ikoni, wenzake wote wameikosa, au daftari la mauzo liko wazi kwa kila anayekalia kiti. Somo hili ni la Windows 10 na 11.

Kwanza kila mtu awe na akaunti yake. Mkiingia wote kwa akaunti moja, hakuna mpangilio utakaowatenganisha. Vijana wapewe akaunti za kawaida ("Standard User"), usimamizi ("Administrator") abaki nao mwenye duka.

Hatua ya 1: Jua ikoni inakaa wapi

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu. Eneokazi, yaani ule uso unaouona ukishaingia, ni folda mbili zinazoonyeshwa kwa pamoja. Moja ni yako, C:\Users\jina lako\Desktop. Nyingine ni ya wote, C:\Users\Public\Desktop, nayo imefichwa, huwezi kuiona ukipekua kawaida. Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika shell:common desktop, kisha Enter.

Programu nyingi zinazosakinishwa kwa ajili ya kompyuta nzima huweka ikoni humo. Ndiyo maana ukifuta ikoni ya kivinjari kwako, inapotea hata kwa mwenzako. Windows huwa inaomba ruhusa ya msimamizi kabla ya kufuta kitu cha folda hiyo. Ukiona dirisha la ruhusa, simama kwanza, hicho ni cha wote.

Hatua ya 2: Hamisha

Ingia kwa akaunti ya mwenye duka. Fungua folda ya wote, kata ikoni ya programu ya hesabu (Ctrl+X), ibandike kwenye eneokazi lake (Ctrl+V). Vijana hawataiona tena. Kinachotakiwa na kila mtu, mfano programu ya skana, kinakiliwe kwenda folda ya wote. Weka humo njia ya mkato ("shortcut") tu, ile yenye kimshale pembeni. Ukiweka faili lenyewe, kila mtu atalisoma.

Hatua ya 3: "Recycle Bin" na "This PC"

Hizi hazimo katika folda zile mbili. Ingia Settings, Personalization, Themes, kisha "Desktop icon settings", uweke au uondoe tiki. Hufuata akaunti moja moja.

Hatua ya 4: Upau wa kazi

Mstari wa chini ni wa kila mtu peke yake. Kijana aingie kwa akaunti yake, abofye kulia kwenye programu, achague "Pin to taskbar" au "Unpin from taskbar". Ikoni ndogo za karibu na saa, kwenye Windows 11, zinapangwa Settings, Personalization, Taskbar, "Other system tray icons".

MASWALI (ya wasomaji, kwa mahali walipo)

Chumbageni: Mkuu, nimeitoa ikoni ya mauzo lakini kijana anaitafuta kwenye Start na kuifungua.

Jibu: Kuficha ikoni hakufungi programu, mkuu. Weka nywila ndani ya programu yenyewe kama inaruhusu. Faili za hesabu ziweke kwenye Documents ya akaunti yako: mwenye akaunti ya kawaida hawezi kuifungua folda hiyo bila nywila ya msimamizi. Hilo ndilo litakalokulinda.

Pongwe: Shikamoo mwalimu. Nikibandika kwenye C:\Users\jina langu\Desktop, ikoni haitokei.

Jibu: Marahaba. Huenda OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili mtandaoni, imelihamisha eneokazi lako kwenda C:\Users\jina lako\OneDrive\Desktop. Bofya kulia Desktop iliyo kwenye orodha ya kushoto ya File Explorer, chagua Properties, kisha kichupo cha Location. Utaona linakokaa hasa.

Muheza: Umeme ulikatika, ulivyorudi ikoni zangu zote hazipo. Wenzangu wanaziona zao.

Jibu: Pole dada. Bofya kulia mahali patupu, View, hakikisha "Show desktop icons" ina tiki. Kama inayo, angalia iwapo Windows imekuandikia kwamba umeingia kwa wasifu wa muda ("temporary profile"). Ikiwa ndivyo, usihifadhi chochote hapo, kwa sababu kitafutika ukitoka. Washa upya kompyuta uingie tena. Ikirudia, ingia kwa akaunti ya msimamizi, nakili folda yako yote iliyo ndani ya C:\Users kwenye flashi, halafu tuandikie hapa maneno yaliyotokea kwenye skrini kabla hujagusa kingine.